Gari la mzigo limefungwa gesi na linazingua: pima kabla hujanunua spea

Somo la leo siyo la kupiga picha bidhaa wala kujibu wateja. Ni la gari. Wengi humu mnauza mtandaoni na mnapeleka mzigo wenyewe kwa Probox, Sienta, Noah, Kirikuu au bajaji, na wengi wa Dar mmeshafunga gesi asilia (CNG) kwa sababu petroli ilikuwa inakula faida yote. Sasa gari likianza kumisi, oda zinalala ndani, mteja wa Mbezi anaghairi, na fundi anaanza wimbo wake: nunua plagi, zikigoma nunua koili, ikigoma nunua sensa. Wiki inaisha, mtaji wa mzigo umegeuka spea, na ubovu uko palepale.

Simfundishi mtu kuwa fundi hapa. Nataka ukifika gereji uwe unajua dalili zako, umpe fundi kazi ya kupima, na umzuie kubahatisha kwa hela yako.

Kwanza ujue gesi inapita wapi. Gesi yetu inatoka ardhini Songo Songo na Mtwara, inakuja Dar kwa bomba, na kituoni inashindiliwa kwenye mtungi wako hadi presha ya baa 200 hivi. Kutoka kwenye mtungi inapita bomba la chuma hadi mbele, inaingia kwenye regyuleta inayopunguza presha, inapita kwenye chujio, halafu kwenye nozeli za gesi, moja kwa kila silinda. Kuna kompyuta ndogo ya gesi. Hiyo inasoma amri ambayo kompyuta ya gari ilitaka kuwapa nozeli za petroli, inaibadilisha kidogo, na kuwapa nozeli za gesi. Shika hili la mwisho, tutalirudia. Na jambo jingine: gesi ikitoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo inapoa sana, kwa hiyo regyuleta inapashwa joto na maji ya moto ya rejeta. Ndiyo maana gari linawaka kwa petroli asubuhi, likipata joto ndipo linahamia gesi lenyewe.

Kwa walio Kenya na wanaotumia LPG, njia ni karibu ileile, ila gesi yenu iko kwenye tangi kama kimiminika, kwa presha ndogo zaidi, kwa kawaida haifiki baa 15 hata siku ya joto kali. Regyuleta yenu ndiyo inakigeuza kimiminika kuwa mvuke. Mengi ya chini yanawahusu pia, na pale panapotofautiana nitasema.

SWICHI NDIYO KIPIMO CHAKO CHA KWANZA

Una gari lenye mafuta mawili. Hiyo ni bahati ambayo mwenye gari la petroli tupu hana. Likizingua, rudisha petroli kwa swichi, endesha njia ileile, mzigo uleule, mlima uleule. Linazingua kwa mafuta yote mawili? Basi acha kumlaumu aliyekufungia gesi, tatizo liko kwenye injini yenyewe: plagi, koili, hewa inayoingia kinyemela, kompresheni, sensa. Linazingua kwenye gesi tu? Anza kushuku upande wa gesi, pamoja na umeme wa plagi, nitaeleza kwa nini. Linazingua kwenye petroli tu? Hapo angalia pampu ya petroli na nozeli za petroli.

Watu wanakosea kwa haraka. Wanageuza swichi, wanasikiliza dakika mbili, wanahukumu. Kompyuta ya gari ina kumbukumbu. Kama gesi ilikuwa inakuja kidogo mno kwa wiki tatu, kompyuta imejifunza kuongeza mafuta. Ukirudi petroli ghafla itaendelea kuongeza, injini itapata petroli nyingi, na gari litamisi hata kama upande wa petroli ni mzima. Kwa hiyo endesha petroli dakika 20 au zaidi, siyo kusimama sailensa tu, ndipo utoe hukumu.

UMEME WA PLAGI: HAPA NDIPO HELA NYINGI ZINAPOTEA

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Gari linamisi kwenye gesi tu, hasa ukipanda Kimara na mzigo nyuma, kwenye petroli linakwenda safi kabisa. Kila mtu anasema "gesi hiyo, regyuleta imekufa". Mara nyingi sana siyo. Mchanganyiko wa gesi na hewa unahitaji cheche yenye nguvu zaidi kuliko petroli ili uwake. Plagi iliyochoka, koili inayovuja umeme, au waya wa plagi uliopasuka bado unaweza kuwasha petroli bila shida. Ukihamia gesi, na injini ikibeba mzigo, cheche inashindwa. Petroli ilikuwa inaficha ubovu, gesi imeuanika.

Kwa hiyo misi ya gesi tu kwenye mlima, anza na plagi. Zitoe zote nne, zipange mezani kwa mpangilio wa silinda, ziangalie. Kama ncha imelika na nafasi ya cheche imekuwa pana, umeshapata mtuhumiwa. Mafundi wengi wa gesi huipunguza kidogo hiyo nafasi kuliko ya petroli ili cheche iruke kirahisi, na ni jambo la maana mradi wafuate maelekezo ya plagi husika. Angalia pia kauri ya plagi, ufa mwembamba kama unywele unatosha kupoteza umeme. Na kununua kwa bei ya kutupa siyo kuokoa. Plagi feki zipo sokoni, nunua kwa mtu utakayemrudia na risiti.

Koili usiinunue kwa kuhisi. Ihamishe. Magari mengi mnayotumia yana koili moja kwa kila silinda. Mashine ikisoma P0302 maana yake silinda ya pili inamisi. Toa koili ya silinda ya pili, iweke ya tatu, na ya tatu iende ya pili. Futa msimbo, endesha kwenye gesi hadi likorofishe tena, soma upya. Ikisoma P0303, ubovu umehama na koili, nunua koili moja. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Rudia mchezo uleule kwa plagi. Ikibaki tena palepale, na ni kwenye gesi tu, hamia nozeli ya gesi ya silinda hiyo. Kazi hii ni ya nusu saa na haina gharama ya spea. Fundi akikataa kuifanya na anakuambia ununue koili zote nne, tafuta fundi mwingine.

MASHINE INASEMA NINI

"Kupima kwa mashine" wengi wanadhani ni kuambiwa kifaa kibovu. Mashine haisemi kifaa kibovu. Inasema injini inalalamika nini. P0171 ni kwamba mafuta ni kidogo kuliko hewa. P0172 ni kwamba mafuta ni mengi mno. P0300 ni misi inayorukaruka silinda tofauti. Ukibadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu ya P0171 ni kama kumfukuza mlinzi kwa sababu amekuambia kuna mwizi.

Kuna namba mbili za kumwomba fundi akuonyeshe, zimeandikwa STFT na LTFT. Ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili mambo yawe sawa. Karibu na sifuri ni vizuri. Ikiwa ndani ya kumi, juu au chini, kwa kawaida hakuna cha kutisha. Sasa cheza hivi: injini ya moto, soma namba kwenye petroli baada ya kuendesha, kisha soma kwenye gesi baada ya kuendesha.

Tuseme petroli inasoma 3, gesi inasoma 22. Kompyuta inaongeza sana ikiwa kwenye gesi tu, maana yake gesi inayofika ni kidogo: chujio limeziba, presha ya regyuleta imeshuka, nozeli zimechoka, au fundi hakuiseti vizuri kompyuta ya gesi. Ikisoma minus 20 kwenye gesi, gesi inamwagika nyingi mno. Na ikisoma 20 kwa mafuta yote mawili, gesi haihusiki. Tafuta mpira wa hewa uliopasuka au sensa ya hewa iliyochafuka. Angalia pia tundu ambalo fundi wa gesi alitoboa kwenye manifodi wakati wa kufunga, kama mpira wake umechomoka. Hilo la tundu hutokea kuliko watu wanavyodhani.

Kabla msimbo haujafutwa, PIGA PICHA skrini. Ukifutwa bila kusomwa umepoteza ushahidi, na taa itazimika siku mbili halafu irudi. Vile vifaa vidogo vya kuunganisha na simu vinasaidia, ila gari nyingine za Japani za miaka ya nyuma hazielewani navyo, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye gari lako ndipo utoe hela.

DALILI ZA UPANDE WA GESI WENYEWE

Gari linakwenda vizuri, ukikanyaga akseleta kwa nguvu swichi inalia na linarudi petroli lenyewe. Hapo presha inashuka pale injini inapohitaji gesi nyingi. Anza na vya bure: gesi imeisha? Vali ya mtungi imefunguliwa yote au nusu? Kuna watu wamefunguliwa regyuleta nzima wakati vali ilikuwa nusu tangu mtungi uliposafishwa. Baada ya hapo chujio. Gesi inaweza kubeba mafuta ya kompresa ya kituo na uchafu, LPG inaacha mabaki mazito ya mafuta, na vyote vinaishia kwenye chujio na regyuleta. Wafungaji wengi wanataka chujio libadilishwe kila kilomita 10,000 hadi 20,000. Gari la kupeleka mzigo kila siku linazifikisha haraka. Chujio ni bei ndogo, na ukiwa hukumbuki lilibadilishwa lini, libadilishe kabla ya kuzungumzia regyuleta.

Gari linachelewa sana kuhamia gesi, au regyuleta inaganda barafu juu, hapa Dar penye jua hili. Ukiona barafu usishangae, fungua rejeta injini ikiwa imepoa na uangalie maji. Maji yakipungua, au kukiwa na hewa kwenye mipira, regyuleta haipati joto. Kwenye LPG hali ni mbaya zaidi kwa sababu kimiminika kinapita bila kugeuka mvuke na injini inazima. Lakini usijaze maji ukaondoka. Yamekwenda wapi? Mipira ya regyuleta iliunganishwa kwenye njia ya rejeta, klipu zake zikilegea zinavuja taratibu. Injini ikichemka kwa sababu ya klipu, utakuwa unaongea habari ya hedi, siyo ya gesi tena.

Gari halihamii gesi kabisa, taa za swichi hazijawaka: fyuzi na waya kwanza. Sailensa inapanda na kushuka kwenye gesi tu: nozeli zilizochoka au seti ya kompyuta. Nozeli za gesi huchoka bila kulingana, moja inatoa nyingi, nyingine kidogo, na kompyuta inapiga wastani wa zote, kwa hiyo namba zinaweza kuonekana nzuri huku silinda moja inakufa njaa. Ndiyo maana kule kuhamisha kifaa kutoka silinda moja kwenda nyingine hakupitwi na wakati.

PETROLI YAKO BADO INA KAZI

Kuna tabia ya kukausha tangi la petroli kwa sababu "natumia gesi". Acha. Kwenye magari mengi pampu ya petroli iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe, na katika mifumo mingi inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi. Tangi likiwa tupu pampu inaungua. Weka angalau robo tangi, na kila wiki endesha kidogo kwa petroli ili nozeli zake zisikauke na petroli isikae miezi. Gari lisilowaka asubuhi lakini likishawaka linakwenda gesi safi siku nzima lina tatizo la petroli, usimpelekee fundi wa gesi.

HESABU YA KILO

Mfanyabiashara anajua gari linaumwa kwenye daftari kabla hajalisikia barabarani. Andika kilo ulizojaza (zinaonekana kwenye pampu) na kilomita ulizokwenda. Usitegemee geji ya presha. Mtungi wa lita 60 ukijaa unabeba kama kilo 10, lakini ukijazwa haraka gesi inapata joto, inatanuka, geji inafika 200 na kilo ni pungufu. Presha ya kituo ikiwa chini, vivyo hivyo. Siyo kwamba umeibiwa, umelipa kilo ulizopata, ila utarudi foleni mapema. Wa LPG mjue tangi halijazwi zaidi ya asilimia 80, la lita 50 linapokea 40, na mtakunywa lita nyingi kuliko za petroli, kama asilimia 15 hadi 25. Kilomita kwa kilo zikishuka kwa moja ya tano bila njia wala mzigo kubadilika, kapime hata kama gari halijamisi.

MISI ISIYOSIKIA DAWA

Umebadilisha plagi, koili nzima, gesi imepimwa, petroli imepimwa, bado silinda moja inamisi, hasa asubuhi ikiwa baridi, kwa mafuta yote mawili. Omba kipimo cha kompresheni. Gesi inawaka kavu, haina ule umajimaji wa petroli, na ikiwa kidogo mno joto linapanda. Kwenye injini zenye viti laini vya valvu, vinalika taratibu, nafasi ya valvu inaisha, valvu haifungi vizuri, inaungua. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Probox na IST nyingi haijirekebishi nafasi ya valvu yenyewe, lazima ipimwe kwa filagaji. Ikikutwa imebana mapema, inarekebishwa na maisha yanaendelea. Ikikutwa valvu imeungua, hedi inashuka, na gari linalala gereji siku kadhaa. Hii ndiyo sababu nasema usiendeshe gari linalomisi wiki nzima ili "umalizie oda". Oda nyingine mpe boda.

Bajaji nyingi ni kabureta na mfumo wa gesi ulio rahisi zaidi, hakuna mashine ya kusoma. Plagi, chujio la hewa, nafasi ya valvu na skrubu ya kupunguza gesi, kwa mpangilio huo. Ikipiga mlio kama bunduki kwenye njia ya hewa, angalia umeme wa plagi kwanza.

Kuhusu harufu ya gesi sina mjadala. Zima gari, shusha watu, fungua milango yote, funga vali ya mtungi kwa mkono, sukuma gari hadi uwazi. CNG ni nyepesi inapanda juu, LPG ni nzito inakaa chini kwenye sakafu na mashimo ya gereji, hiyo ya pili ni ya kuogopa zaidi. Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni, kiberiti kikae mbali. Mtungi wa jikoni haufungwi kwenye gari, hata fundi akikuapia.

MESEJI YA KUMTUMIA FUNDI

Badala ya "fundi gari inazingua njoo", andika hivi:

"Shikamoo fundi. Gari ni Probox, gesi ilifungwa mwaka jana. Inamisi kwenye gesi tu, ikiwa ya moto, nikipanda mlima na mzigo. Petroli nimeendesha dakika 30 njia ileile, haimisi. Mashine imesoma P0302, picha hiyo hapo. Chujio la gesi lina kilomita 14,000. Naomba kwanza uhamishe koili na plagi ya silinda ya pili tuone. Gharama ya kupima ni shilingi ngapi?"

Swali la mwisho ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Fundi asiyelipwa kupima atajilipa kwenye spea, siyo kwa ubaya, ndivyo mfumo ulivyo. Mlipe kupima kando, spea kando, na kifaa cha zamani akurudishie mkononi. Akimaliza, pakia mzigo wa kawaida, nendeni naye kwenye mlima uleule kwa gesi, mashine ikiwa imechomekwa. Hela iliyobaki mpe mkirudi.